Isipokuwa

Mimi ndiye karani wa umwagikaji.
Cheo kimeandikwa mlangoni, hapa Naluwerere,
kwa rangi ya mafuta; fundi alikosea herufi moja
tukaiacha.

Kazi yangu ni karatasi moja, ya njano.
Mbele ina amri: kila kitu cha hatari kikimwagika safarini
kitaripotiwa kabla jua halijatua.
Nyuma, kwa herufi ndogo kama siafu,
kuna isipokuwa.

Isipokuwa ni chini ya lita ishirini.
Isipokuwa hakikuingia mtoni, ziwani wala kisimani.
Isipokuwa gari limesimama,
kwani gari lililosimama haliko safarini,
na kinachovuja hapo kinavuja kwao.

Miaka sita nimeishi nyuma ya karatasi.

Machi ile lori la Obbo lilitoka Malaba na tindikali,
koki ikilia tone, tone,
akaegesha Kibimba, kando ya mpunga, anywe chai.
Alinipigia simu, muungwana yule, sauti imemkauka:
"Karani, nyasi zinatoa moshi."
Nikamuuliza nilivyofunzwa.
Zimefika ishirini?
"Sijui. Kumi na tisa, hivi."
Nani kapima?
"Utingo. Kwa beseni."
Kuna mto?
"Kuna kinamasi."
Nikapitisha kidole: mto, ziwa, kisima.
Kinamasi hakimo.
Gari limesimama?
"Limesimama."
Basi kunywa chai yako, Obbo.

Nikaandika *Hakuna*, nikagonga muhuri,
nikaenda kula viazi na mchuzi wa karanga.

Kesho yake akaja Naigaga,
mwenye majaruba matatu chini ya barabara.
Hakusalimu. Aliweka juu ya kaunta chupa ya soda,
ile ya lita moja,
ndani maji ya rangi ya chai iliyolala
na mche wa mpunga, mweupe kama uzi.
Nikamsomea nyuma ya karatasi kwa Kiswahili,
kisha kwa Kisoga changu cha kuungaunga.
Alisikiliza mpaka nukta ya mwisho.
"Ishirini," akasema, akaenda zake.

Siku ya pili, chupa. Ya tatu, chupa.
Mfagizi akazipanga dirishani;
jua la asubuhi likapita humo
likaangukia daftari langu limekuwa kahawia.
Haba na haba, tuliimbishwa shuleni,
wala hakuna aliyetuambia kibaba ni cha nini.
Siku ya saba bata wake walikufa. Hakuniambia yeye,
niliambiwa na muuza chapati.
Siku ya kumi na moja ilinyesha, nikadhani haji.
Alikuja, kajifunika gunia la mbolea.

Siku ya ishirini alikuja na chupa yake
na beseni.
Akafungua moja moja, akamimina, bila haraka,
kama mtu anayewanywesha wageni.
Harufu ikanipanda kooni.
"Hesabu."

Nikasema: Mama, kanuni hii ni ya usafirishaji.
"Nimeyasafirisha. Kichwani. Kutoka Kibimba."
Nikasema: Lakini hayajamwagika.
Akaliinamisha beseni kidogo, upande wangu,
kiasi cha maji kuchungulia sakafu.
"Bado," akasema.

Nje matangi yalikuwa yamepanga foleni ya mizani,
chini ya kila moja doa lake,
na kila doa dogo, halali, lina kibali.

Nikavuta karatasi. Nikaigeuza mbele.
Aina ya mzigo: nikaandika.
Mahali: nikaandika *kinamasi*,
na neno likakaa vizuri tu kwenye mstari.
Chombo cha usafiri.
Kalamu ikasita.

"Andika miguu," akasema Naigaga,
"na uandike kwamba haijasimama."